Kupima refleksi hatua kwa hatua: kuanzia gotini hadi kwenye mboni ya jicho

Mwanafunzi wa utabibu akipewa nyundo ya refleksi kwa mara ya kwanza, macho yake yote huwa kwenye mguu: umeruka au haukuruka? Ukiruka anaandika "kawaida" na kwenda kitanda kinachofuata. Hapo ameuliza nusu ya swali. Refleksi, yaani mwitikio wa mwili usiongojea uamuzi wako, ni njia yenye mahali pa kuanzia, pa kupita na pa kuishia, na kila unapogonga kano unauliza kama njia hiyo mahususi bado ni nzima. Ikipotea au ikizidi haikutajii jina la ugonjwa, ila inakuambia utafute wapi.

Nimeandika haya kwa mwanafunzi wa uuguzi au utabibu, kwa mwalimu wa baiolojia anayetaka somo lionekane darasani, na kwa yeyote mwenye goti na udadisi. Hakuna kipimo hapa kinachohitaji damu wala mashine.

Ijue njia kabla ya kushika nyundo

Tuanze na goti, kwa sababu njia yake ndiyo fupi na rahisi kuliko zote. Chini ya kilegesambwa, ule mfupa wa mviringo wa mbele ya goti, kuna kano nene inayounganisha misuli mikubwa ya mbele ya paja na mfupa wa muundi. Ukiigonga, kano hubonyea kidogo na kuivuta misuli ya paja kwa ghafla. Ndani ya misuli hiyo kuna vipokezi vidogo, vinene katikati na vilivyochongoka pande zote mbili, ambavyo kazi yake ni kupima misuli imenyooshwa kiasi gani na kwa kasi gani. Vikihisi mvuto wa ghafla, vinatuma ishara ya umeme kwenye neva ya hisia.

Neva hiyo ni miongoni mwa zenye kasi kubwa zaidi mwilini. Nyuzi zake ni nene na zimefunikwa kwa tabaka la mafuta liitwalo mayelini, hivyo ishara hukimbia mita 80 hadi 120 kwa sekunde. Inapanda pajani na kuingia kwenye uti wa mgongo kupitia mizizi ya nyuma. (Ninaposema uti wa mgongo hapa nina maana ya ule mkanda laini wa neva unaopita ndani ya pingili, si mifupa yenyewe.) Sehemu inayopokea ishara za goti ni L2 hadi L4 (L ni alama ya neva za kiuno, na namba huhesabiwa kutoka juu), hasa L3 na L4. Usidhani iko kiunoni. Kwa mtu mzima mkanda huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo sehemu ya goti imekaa juu zaidi, usawa wa mbavu za mwisho. Ndiyo sababu mtu ambaye kifua kikuu kimemla pingili za katikati ya mgongo anaweza kuja kwako akilalamikia miguu peke yake.

Ndani ya uti wa mgongo, neva ya hisia inakutana moja kwa moja na seli ya neva inayoendesha misuli ya paja. Hakuna wa katikati. Kati yao kuna mwanya mmoja tu, ambao ishara huuvuka kwa kemikali katika muda usiozidi milisekunde moja hivi. Seli ya pili inatuma amri kupitia mizizi ya mbele, amri inashuka hadi pajani, misuli inajikunja, mguu unaruka. Tangu nyundo iguse kano hadi umeme uonekane kwenye misuli ni kama milisekunde 20, yaani sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mguu wenyewe unachelewa kidogo zaidi, maana misuli nayo inahitaji muda wa kujikunja.

Kuna tawi jingine ambalo vitabu vingi vya sekondari hulipita haraka, nalo ndilo lenye mambo. Neva ileile ya hisia hutuma ishara pia kwa seli ndogo ya kuzuia iliyomo humohumo ndani ya uti wa mgongo. Seli hiyo huinyamazisha misuli ya nyuma ya paja. Isingekuwapo, misuli ya mbele ingevuta huku ya nyuma ikivuta, na mguu ungekakamaa pale ulipo. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian, alitumia miaka mingi kueleza namna kuamsha na kuzuia kunavyokwenda pamoja. Ikumbuke seli hiyo ya kuzuia. Tutakutana nayo tena kwenye pepopunda.

Je, ubongo uko wapi katika haya? Unapata taarifa baadaye, mguu ukiwa umekwisha kuruka. Lakini si kwamba hauhusiki kabisa. Muda wote kuna nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni zikiamua refleksi iwe kali au ya upole, na kwa jumla kazi yake kwenye goti ni kulishikilia lisizidi. Nyuzi hizo zikikatika, refleksi haifi. Inakuwa kali kuliko kawaida. Wanafunzi wengi hulichanganya hili kwa sababu wanatarajia kinyume.

Refleksi ya kukwepa maumivu hupita njia ndefu kidogo. Ukikanyaga mwiba, ishara inapita kwenye seli kadhaa za katikati kabla ya kufika kwenye misuli, na inasambaa sehemu kadhaa za uti wa mgongo kwa sababu kuinua mguu mzima kunahitaji nyonga, goti na kifundo vifanye kazi pamoja. Papo hapo mguu wa pili unanyooka na kukaza ili usianguke. Maumivu yale ya kuungua yanayobaki husafiri kwa nyuzi nyembamba zisizo na mayelini, kwa kasi ya kama mita moja kwa sekunde, na kutoka unyayoni hadi kichwani ni zaidi ya mita moja na nusu. Piga hesabu mwenyewe uone kwa nini mguu huwa umeshainuka kabla hujasema "uwi!"

Maandalizi

Nyundo ya mpira ni nzuri, ila si lazima. Ukingo wa kiganja chako, upande wa kidole kidogo, unatosha kwa goti, na wauguzi wengi hutumia ukingo wa kichwa cha stethoskopu. Utahitaji pia tochi ndogo, rula ya sentimita 30 na kitu butu kama mwisho wa ufunguo.

Mgonjwa aliyekaza misuli hana refleksi inayosomeka. Anza kwa salamu, tena salamu ya kweli. Mzee aliyeamkiwa na kuulizwa habari za nyumbani anakaa tofauti na yule aliyeambiwa tu "panda kitandani". Mwambie utamgonga taratibu na kwamba hakuna sindano. Kisha funua sehemu unayopima hadi uione misuli yenyewe. Kupima goti juu ya suruali ya jinzi ni kubahatisha. Kwa mama aliyevaa kanga au dira, omba ruhusa, funika kinachoweza kufunikwa, na uache paja la juu ya goti peke yake wazi.

Goti

1. Mkalishe ukingoni mwa kitanda au meza, miguu ining'inie bila kugusa sakafu. Kama hawezi kukaa, alale chali, nawe upitishe mkono chini ya magoti yote mawili uyainue kidogo.

2. Tafuta kilegesambwa kwa vidole. Shuka chini yake hadi ufike kwenye sehemu laini inayobonyea, kabla ya ule uvimbe wa mfupa wa muundi. Hapo laini ndipo penye kano. Wengi hukosea kwa kugonga mfupa wa juu au wa chini, wakapata maumivu badala ya jibu.

3. Weka kiganja cha mkono mwingine juu ya misuli ya mbele ya paja. Hata mguu usipoonekana kuruka, mara nyingi utahisi misuli ikijikunja chini ya kiganja, na hilo ni jibu kamili.

4. Shika nyundo karibu na mwisho wa mpini, legeza kifundo cha mkono, na uiache ianguke kwa uzito wake. Pigo liwe moja, fupi, la haraka. Ukisukuma badala ya kugonga, kano inavutika polepole na vile vipokezi havipati mshtuko vinaohitaji.

5. Gonga upande wa pili papo hapo, kwa nguvu ileile, mahali palepale.

Mguu usiporuka, usikimbilie kuandika kuwa refleksi haipo. Mwambie afunge macho, au ashikamanishe vidole vya mikono yote miwili kifuani kama kulabu mbili na avute pande tofauti kwa nguvu utakaposema "vuta". Gonga hapohapo anapovuta. Mbinu hii ilielezwa katika miaka ya 1880 na daktari Ernő Jendrassik wa Budapest, na hadi leo ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Kukaza mikono huziamsha seli za neva za miguuni na kuziweka karibu zaidi na kufyatuka, na tena kunamsahaulisha mgonjwa mguu wake. Kwa wale wanaoiangalia nyundo kwa wasiwasi, sababu ya pili ndiyo yenye faida kubwa.

Goti liliingia katika vitabu vya tiba mwaka 1875, Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, walipolieleza kila mmoja kivyake katika jarida moja. Erb aliamini ni refleksi. Westphal alidhani ni misuli yenyewe inajibu kwa kutikiswa. Majaribio kwa wanyama yalimpa haki Erb: ukikata neva ya paja au mizizi ya nyuma ya sehemu ile ya uti wa mgongo, goti linanyamaza ijapokuwa misuli ni mizima.

Kifundo cha mguu

Hiki kinawashinda wengi, nacho ndicho chenye habari nyingi zaidi kwa mgonjwa wa kisukari. Njia rahisi kuliko zote ni kumpigisha magoti juu ya kiti, ashike egemeo, nyayo zikining'inia nje ya ukingo. Sukuma wayo kwa upole kuelekea muundini ili kano ya kisigino ikaze kidogo, kisha igonge. Wayo unapaswa kusukuma mkono wako kurudi nyuma. Njia hupita S1, ya kwanza kati ya neva zilizo chini ya zile za kiuno.

Angalia pia jinsi wayo unavyorudi mahali pake. Kwa mtu ambaye tezi ya shingo, yaani thairoidi, inafanya kazi chini ya kiwango, wayo unajibu vizuri lakini unarudi taratibu mno, kama una usingizi.

Kwa wazee sana, kifundo kisichojibu pande zote mbili kinaweza kuwa ni umri tu. Kwa kijana ni habari nyingine.

Ukimaliza, pima kutetema. Shika wayo, usukume juu kwa ghafla na uushikilie hapohapo. Wayo ukipigapiga mara moja au mbili kisha ukatulia, si neno. Ukiendelea kupiga kwa mpigo ule ule kadiri unavyoushikilia, nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni zina tatizo.

Mkono

Nitapita haraka, kwa kuwa kanuni ni zilezile. Kwa misuli ya mbele ya mkono wa juu, weka kidole gumba chako juu ya kano iliyo kwenye mkunjo wa kiwiko na ugonge kidole chako mwenyewe. Utahisi kano ikiruka chini yake. Hiyo ni C5 na C6 (C ni alama ya neva za shingo). Kwa misuli ya nyuma, shikilia mkono wa juu mgonjwa auning'inize kiganja, kisha gonga kidogo juu ya ncha ya kiwiko. Hiyo ni C7 hasa. Wenye maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi mara nyingi hutofautiana hapa kushoto na kulia, na tofauti hiyo huelekeza ni mzizi upi uliobanwa.

Kuandika ulichokiona

Hospitalini hutumika alama 0 hadi 4. Sifuri ni hakuna jibu hata kwa mbinu ya kuvuta vidole. Moja ni hafifu, mbili ni kawaida, tatu ni kali kuliko kawaida, nne ni kali pamoja na kule kutetema. Chora mtu wa vijiti kwenye faili na uandike alama pembeni ya kila kiungo. Anayekupokea zamu ataelewa kwa kutupia jicho tu.

Kwa maoni yangu, alama zenyewe hazina uzito kama watu wanavyofikiri. Kijana mwenye wasiwasi anaweza kuwa na tatu kila mahali na asiwe na ugonjwa wowote. Mwingine ana moja kila mahali tangu azaliwe. Linalokuambia kitu ni tofauti: kushoto na kulia, mikono na miguu, jana na leo. Mikono ikiwa mbili na miguu ikiwa nne, tatizo liko kwenye uti wa mgongo mahali fulani chini ya shingo. Mkono na mguu wa kulia zikiwa kali kuliko za kushoto, anza kufikiria ubongo upande wa kushoto.

Unyayo

Mwaka 1896, jijini Paris, Joseph Babinski alieleza jambo dogo linaloweza kufanywa kwa ufunguo. Mgonjwa alale chali, mguu umenyooka. Anza kisiginoni upande wa nje, pitisha ncha butu taratibu kuelekea juu kwenye ukingo wa nje wa unyayo, kisha kata kona chini ya vidole kuelekea kidole gumba. Tumia sekunde kama tano. Usichome, wala usitekenye.

Kwa mtu mzima mwenye afya, vidole hujikunja chini. Kidole gumba kikiinuka juu polepole na vingine vikatanuka, njia inayoshuka kutoka ubongoni imeumia mahali fulani, ama kichwani ama kwenye uti wa mgongo. Kwa mtoto mchanga kuinuka huko ni kawaida, kwa sababu njia hiyo bado haijapata mayelini ya kutosha. Kwa kawaida hugeuka mtoto akiwa na mwaka mmoja hadi miwili.

Mwenye kutekenyeka atauvuta mguu wote, nawe hutajua umeona nini. Shika kifundo chake kwa uthabiti na urudie polepole zaidi. Na kwa mkulima au mvuvi aliyetembea pekupeku miaka mingi, unyayo umekuwa mgumu kiasi kwamba ufunguo hausemi kitu. Hapo hamia pembeni: pitisha ncha kwenye ngozi ya nje ya wayo, kuanzia chini ya ule mfupa wa kifundo hadi karibu na kidole kidogo. Jibu linasomwa vilevile.

Jicho

Punguza mwanga chumbani. Mwambie aangalie mbali, kwenye ukuta wa mbele, si kwenye tochi, kwa sababu mboni husinyaa pia mtu anapoangalia kitu cha karibu. Macho yetu mengi ni ya kahawia iliyokoza na mboni haionekani vizuri, kwa hiyo mwanga hafifu wa dirishani kutoka upande mmoja utakusaidia. Leta tochi kutoka pembeni, imulike jicho moja kwa sekunde mbili tatu. Tochi ya simu hufaa ukiiweka mbali kidogo.

Mboni ya jicho linalomulikwa itasinyaa. Angalia sasa jicho la pili, ambalo hukulimulika: nalo linasinyaa wakati uleule. Ishara huingia kwa neva ya kuona, lakini ikifika kwenye shina la ubongo hugawanywa, na amri hutoka kwenda macho yote mawili kwa neva ya tatu ya kichwa.

Kwa hiyo tochi moja inaweza kutenganisha mlango wa kuingilia na wa kutokea. Ukimulika jicho la kushoto hakuna mboni inayosinyaa, ukimulika la kulia zinasinyaa zote: neva ya kuona ya kushoto, au jicho lenyewe, haipeleki taarifa. Mboni ya kushoto ikiwa haisinyai kamwe, umulike kushoto au kulia, huku ya kulia ikisinyaa kwa yote mawili: amri ndiyo haifiki kushoto.

Aliyegongwa kichwani, tuseme abiria wa bodaboda aliyeanguka bila kofia ngumu, akiwa na mboni moja iliyopanuka na isiyojibu mwanga huku akizidi kusinzia, ni wa kukimbizwa kwenye hospitali yenye upasuaji. Usimlaze usubiri kuche.

Rula: haraka isiyo refleksi

Hili ni la darasani. Mwenzako ashike rula kwa juu, sifuri ikiwa kati ya kidole gumba na cha shahada chako bila kukugusa. Aiachie bila kukuonya, wewe uidake. Sentimita ulipoidakia zinakupa muda: 15 ni sekunde 0.175 hivi, 20 ni 0.20, 25 ni 0.23, na ukiikosa yote 30 umepita 0.247. Hesabu yake ni mzizi wa pili wa mara mbili ya umbali kwa mita ukigawa kwa 9.8.

Wengi huangukia karibu na sentimita 20. Linganisha na milisekunde 20 za goti: kudaka rula kunachukua muda mara kumi zaidi, ijapokuwa mkono uko karibu na kichwa kuliko goti. Muda huo mwingi unaliwa na ubongo: picha isomwe, uamuzi ufanywe, amri itungwe. Kwa mazoezi unaweza kupunguza sentimita kadhaa. Goti halina mazoezi. Golikipa anayeruka kuzuia penalti husifiwa ana refleksi kali, lakini anachofanya kiko upande huu wa rula, na ndiyo maana kinafundishika.

Mtoto mchanga

Mguse shavu, atageuza kichwa na kufungua mdomo akitafuta ziwa. Weka kidole kwenye kiganja chake, atakishika. Akishtuka kwa kichwa kulegea nyuma kidogo, hutanua mikono yote miwili kisha huikusanya kama anayekumbatia, mara nyingi akilia. Hiyo huitwa refleksi ya Moro, kwa jina la daktari wa watoto Ernst Moro, na ipimwe na mkunga au daktari anayejua kushika kichwa. Mama asiijaribu nyumbani. Atakuwa ameshaiona yenyewe mlango ulipobamizwa.

Refleksi hizi hupotea kadiri ubongo unavyokomaa. Ya Moro na ya kushika kwa kiganja huwa zimeondoka karibu na mwezi wa sita. Mtoto anayetanua mkono mmoja tu, hasa baada ya uzazi mgumu wa bega kukwama, anaweza kuwa na mfupa wa mtulinga uliovunjika au neva za bega zilizovutwa. Na refleksi ya Moro inayobaki wazi baada ya mwezi wa sita ni sababu ya kumpeleka mtoto achunguzwe, kwani mtindio wa ubongo huweza kujitambulisha hivyo kabla hajafikia umri wa kutembea.

Kusoma majibu

Gawanya njia vipande viwili. Kuna kipande cha chini, yaani neva ya hisia, seli ndani ya uti wa mgongo, neva ya amri na misuli. Kikikatika popote, refleksi hufifia au kufa na misuli hulegea. Polio huua zile seli za amri, ndiyo maana mguu unabaki mwembamba, mlegevu, usiojibu nyundo. Kisukari cha miaka mingi huanza na neva ndefu kuliko zote, za nyayoni, hivyo kifundo hunyamaza kabla ya goti. Mgonjwa huyo akiwa anatumia metformin kwa muda mrefu, kumbuka pia upungufu wa vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Na mtu ambaye miguu imelegea ndani ya siku chache, udhaifu ukipanda kuelekea mikononi, refleksi zikipotea zote, huenda ana ugonjwa wa Guillain-Barré. Huyu asikae nyumbani hata usiku mmoja, kwa kuwa misuli ya kupumua inaweza kufuata.

Kipande cha juu ni zile nyuzi zinazoshuka kutoka ubongoni. Zikikatika, refleksi huwa kali, misuli hukaza, kidole gumba huinuka. Hapa ndipo kwenye kiharusi (siku za mwanzo refleksi zinaweza kuwa zimelala, kisha zikapanda), kifua kikuu cha pingili na uvimbe unaobana uti wa mgongo. Hapa pia ndipo kwenye konzo, ugonjwa unaotokana na kula muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, kwa wiki nyingi na bila protini ya kutosha. Ulielezwa Kwango, Kongo, mwaka 1938, na Tanzania uliwahi kuzuka Tarime wakati wa ukame wa mwaka 1985, kisha Mtwara. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla, magoti huruka kwa nguvu, vifundo hutetema, lakini hisia kwenye ngozi huwa nzima. Nyundo peke yake inatosha kumwonyesha mganga kwamba hii siyo polio.

Pepopunda haingii kwenye mgawanyo huo vizuri. Sumu ya bakteria husafiri ndani ya neva za amri hadi kwenye uti wa mgongo na kuzinyamazisha zile seli ndogo za kuzuia. Njia zote ziko wazi, lakini hakuna anayezuia. Misuli ya mbele na ya nyuma hujikunja kwa pamoja, na kelele ya mlango au mguso wa shuka unatosha kuwasha mkazo wa mwili mzima. Chumba chenye giza na ukimya anachowekwa mgonjwa huyo ni sehemu ya tiba kamili.

Goti kwenye wodi ya wazazi

Mahali ambapo nyundo huokoa maisha kila siku Afrika Mashariki ni kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dawa yake ni magnesiamu salfeti, na magnesiamu hupunguza kemikali inayovusha amri kutoka neva kwenda kwenye misuli. Ikizidi mwilini, goti hunyamaza kwanza, kupumua huathirika baadaye. Nafasi hiyo katikati ndiyo muuguzi anayoitumia. Kabla ya kila dozi ya kurudia huangaliwa mambo matatu: mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti linajibu, na mkojo ni angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita, kwa sababu dawa hutoka kwa njia ya figo. Goti lisipojibu, dozi husimamishwa na daktari huitwa, huku kalsiamu glukoneti ikiwa tayari kando ya kitanda.

Kuna mtego mmoja. Mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji kwa ganzi ya mgongoni hana goti linalojibu, kwa kuwa ganzi imeifunga njia ya L3 na L4 pale mizizi inapoingia. Ukimgonga goti utadhani magnesiamu imezidi na utamnyima dawa anayoihitaji. Kwa saa hizo acha miguu, weka kidole gumba kwenye mkunjo wa kiwiko, ugonge hapo. Njia ya C5 na C6 ganzi haijaigusa.